Maswali ya Wasomaji: Saa ya Kufunga na Saa ya Kufungua Uwanja wa Gofu Wakati wa Baridi

Barua nne za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi ng'ambo, na zote zinahusu jambo moja, yaani namna ya kuvusha uwanja wa gofu katika majira ya baridi yanayobadilika kila wiki. Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuingia katika uwanja huo, neno grini lina maana ya lile eneo la nyasi fupi sana lenye shimo na bendera, ambalo ndilo ghali zaidi kulitunza na ndilo jepesi zaidi kuharibika. Sakitu nayo ni ule umande ulioganda kuwa barafu nyeupe juu ya nyasi. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya kutunza viwanja katikati ya Uingereza kwa miaka mingi, na ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Shikamoo mzee wa safu hii. Mimi ni kijana wa Tanga, na sasa ni msaidizi wa mtunza uwanja karibu na mji wa Leicester, mahali penye udongo wa mfinyanzi. Mwezi wa Januari sakitu ilianguka siku tano mfululizo, tukafunga grini zote. Siku ya sita jua lilitoka, na ilipofika saa nne asubuhi nyasi zilikuwa zimerudi kuwa kijani. Wanachama walisisitiza tufungue, nasi tukafungua. Wiki mbili baadaye grini tatu zina alama za viatu na michirizi ya magurudumu ya matoroli ya kubebea mifuko ya wachezaji, na mahali pengine nyasi zinang'oka ukizivuta kwa vidole viwili. Mkuu wangu anailaumu sakitu, lakini sakitu ilikuwa imekwisha. Tulikosea wapi? (Msomaji wa Leicester, Uingereza)

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zuri kwa sababu umeliona jambo ambalo watu wengi hawalioni: sakitu ilikuwa imekwisha juu, lakini haikuwa imekwisha chini. Yapo madhara mawili tofauti hapa, na mtunza uwanja akiyachanganya atafungua siku asiyopaswa kufungua.

Dhara la kwanza ni lile la jani lililoganda. Maji yaliyomo ndani ya jani yakishakuwa barafu, jani linakuwa gumu, na mtu akilikanyaga, vipande vya barafu huchana kuta za chembe zake. Wakati huo huo huoni kitu. Baada ya siku moja au mbili nyayo zinajitokeza, kwanza zikiwa nyeusinyeusi, kisha rangi ya majani makavu, na kwa kuwa nyasi hazioti wakati wa baridi, alama hizo zinaweza kukaa hapo hadi mwezi wa Aprili. Hata hivyo, mara nyingi kinachokufa ni jani tu, na kitovu cha mche, pale majani na mizizi vinapokutana, kinabaki hai. Dhara hili linachusha macho, lakini linapona.

Dhara la pili ndilo lililowapata ninyi. Baada ya siku tano za baridi kali, ardhi yenyewe ilikuwa imeganda kwenda chini sentimita kadhaa. Jua la siku ya sita liliyeyusha sentimita moja au mbili za juu, na maji yaliyotokana na kuyeyuka huko hayakuwa na pa kwenda, kwa sababu chini yake palikuwa pamefungwa kama kitako cha sufuria. Mchezaji anapokanyaga ardhi ya namna hiyo, tabaka la juu linateleza juu ya lile lililoganda, na mizizi, ambayo nusu yake imeshikwa na barafu na nusu iko katika tope, inakatika. Ndiyo maana nyasi zenu zinang'oka kwa vidole. Magurudumu nayo yanakandamiza tope hilo, matundu ya hewa yanazibika, na udongo wa mfinyanzi ukishakandamizwa hivyo hauachii kirahisi.

Njia ya kulitambua jambo hili haihitaji kifaa cha bei. Chukua kisu chenye ncha, nenda kwenye grini yenye kivuli kingi kuliko zote, siyo ile iliyo karibu na jengo la klabu, kisha kisukume ardhini polepole. Kikiingia kwa ulaini hadi mpini, ardhi imefunguka. Kikiingia kidogo kisha kikagonga kitu kigumu kinachotoa sauti ndogo kama ya kugusa kigae, rudi nyumbani, kwa maana hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, mbaya kuliko asubuhi ya sakitu nyeupe. Fanya hivyo mahali patatu katika kila grini, na ukimaliza shika maji yaliyobaki kwenye ubapa wa kisu: yakiwa na tope jepesi linalochirizika, subiri hata kama kisu kimeingia chote.

Ninasisitiza kisu kwa sababu kalenda haina msaada tena. Wazee niliowakuta kazini walikuwa wakisema grini za muda, yaani zile zinazochezewa wakati grini kubwa zimefungwa, zianze kutumika tarehe fulani na zifungwe tarehe fulani, na labda zamani hilo liliwezekana. Lakini angalia miaka ya karibuni. Desemba ya mwaka 2010 ilikuwa Desemba ya baridi kali kuliko zote katika Uingereza kwa muda wa miaka 100, na miaka mitano tu baadaye, Desemba ya 2015 ikawa ya joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, tena yenye mvua nyingi kuliko mwezi wowote. Mwishoni mwa Februari 2018 nchi ilifunikwa na theluji iliyoletwa na upepo wa mashariki, na mwaka uliofuata, tarehe 26 Februari 2019, joto lilifika nyuzi 21.2 katika bustani za Kew, London. Katikati ya Desemba 2022 kule Braemar, Uskoti, baridi ilishuka hadi nyuzi 17.3 chini ya sifuri, na haikupita wiki kabla joto halijapanda tena juu ya nyuzi 10 katika sehemu nyingi za nchi. Nyasi huanza kuota joto la udongo likipita nyuzi 5 au 6, kwa hiyo katika majira kama haya zinaamka, zinalala, zinaamka tena, na kila zinapoamka zinapunguza ule ugumu zilioujenga tangu Oktoba. Baridi ya kudumu haiziui nyasi zilizozoea baridi. Kinachoziumiza ni kubadilikabadilika, pamoja na mguu unaofika wakati wa mabadiliko.

Sasa, kuhusu mwaka ujao. Grini za muda zisiwe kitu cha kuchorwa kwa rangi asubuhi ya sakitu. Zianzeni mwezi wa Agosti: chagueni mahali tambarare pasipo kwenye njia ya kuelekea grini kubwa, mshushe urefu wa nyasi kidogo kidogo, muwekee mchanga kama mnavyoiwekea grini ya kweli, na mkate shimo pana zaidi ya la kawaida. Mchezaji akikuta mahali palipoandaliwa kwa heshima, hatagombana nanyi. Akikuta shimo katikati ya majani marefu, atakwenda kwa mwenyekiti. Urefu wa kukata grini kubwa nao upandishwe, kutoka milimita 3 au 4 za kiangazi hadi 5 au 6, ili mche uwe na jani la kutosha la kunasa mwanga mchache uliopo.

Jambo dogo ambalo limewahi kunisumbua asubuhi nzima: utabiri ukionyesha sakitu, hamisheni mashimo mchana wa siku iliyotangulia, na myaweke sehemu ya mbele ya grini ili watu wasilazimike kuivuka yote. Kikombe cha shimo kikishagandia ardhini hakitoki mpaka ardhi iyeyuke, na anayejaribu kukitoa kwa nguvu huondoka na kipande cha grini.

Halafu kuna jua. Hili huwa gumu kulielewa kwa mtu aliyekulia Tanga, ambako jua la adhuhuri la Desemba liko karibu na utosi. Leicester, mwishoni mwa Desemba, jua la saa sita mchana linapanda nyuzi 14 tu kutoka upeo wa macho. Mti wenye urefu wa mita 15 unatupa kivuli cha mita 60 saa hiyo, na asubuhi na jioni zaidi ya hapo. Mti ulio mbali kabisa na grini, upande wa kusini, unaweza kuizuia isipate jua hata dakika kumi kwa wiki sita, na grini hiyo ndiyo itakayobaki imeganda wakati nyingine zote zimefunguka. Tembea uwanjani saa sita mchana siku moja ya jua la Desemba, weka vijiti mahali vivuli vinapoishia, kisha mpelekee mkuu wako ramani hiyo. Kupunguza matawi ya miti miwili mitatu kunaweza kuwapa siku nyingi za kucheza kuliko dawa yoyote.

Kuhusu udongo wenu, dawa yake ni mchanga na matundu, na inachukua miaka. Toboeni kwa vyuma virefu vya sentimita 20 hadi 30 wakati udongo una unyevu wa wastani. Msifanye hivyo ukiwa umelowa chepechepe, kwa sababu chuma kikiingia kwenye mfinyanzi uliolowa kinapaka kuta za tundu kama mwiko wa mwashi, na maji hayapiti tena. Mjaze mchanga katika matundu hayo. Mabomba ya kutolea maji yaliyozikwa na waliowatangulia yafuatilieni hadi midomo yake mitaroni, kwani mara nyingi bomba lenyewe ni zima na kilichoziba ni mdomo tu.

Kwa zile grini tatu, msifanye mengi sasa. Ziwekeeni kamba, msipitishe mashine, na mngoje ardhi ipate joto ndipo mtoboe, mpande mbegu na mrudishie mchanga.

Ndugu mshauri, salaam. Ninatunza grini tisa karibu na Preston. Mwaka huu hatukupata baridi ya maana mpaka Januari. Ilikuwa mvua, ukungu na joto la nyuzi 9 au 10. Yamejitokeza madoa ya duara yenye rangi ya chungwa iliyoiva, mwanzoni madogo kama sarafu, sasa mengine ni makubwa kama kisahani cha kikombe. Asubuhi pembe za madoa huwa na utando mweupe. Mzee niliyerithi kazi yake alikuwa akipulizia dawa moja na kila kitu kinakwisha, lakini dawa hiyo naambiwa haipatikani. Nifanye nini? (Msomaji wa Preston, Uingereza)

Dada yangu, hicho ni kuvu kiitwacho Microdochium nivale, na hali uliyoieleza ndiyo inayokipendeza zaidi: jani lililolowa kwa saa nyingi, hewa isiyotembea na joto la wastani. Majira ya baridi yenye uvuguvugu ndiyo neema yake. Grini zako bila shaka zina nyasi nyingi za Poa annua, zile zinazojiotea zenyewe, ambazo hushambuliwa na kuvu hiki kwa urahisi kuliko nyasi za Agrostis au Festuca, zile zinazopandwa kwa makusudi.

Dawa aliyoitumia mzee wako huenda ilikuwa yenye kiini cha iprodioni, ambayo iliweza kusimamisha ugonjwa hata baada ya kuonekana. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali mwaka 2017, na matumizi yake yakakoma Juni 2018. Nyingi ya dawa zilizobaki hufanya kazi ya kukinga, kwa hiyo ukingoja uone madoa ndipo upulizie, utakuwa umetumia fedha nyingi kwa faida ndogo. Zinapaswa kupuliziwa kabla ya kipindi cha hatari, na mtu mwenye cheti cha kazi hiyo.

Mimi ningeanza na mwanzi. Ndiyo, fimbo ndefu ya mwanzi, nyembamba na inayonesa, ambayo watunza uwanja wa zamani walikuwa wakiipitisha juu ya grini alfajiri, kushoto na kulia, kama mtu anayefagia hewa. Ukilitazama jani kabla hujapitisha fimbo, utaona kwenye ncha yake tone kubwa la duara, na tone hilo siyo umande tu: lina sukari na chumvichumvi zilizotoka ndani ya jani lenyewe, chakula kizuri kabisa cha kuvu. Pitisha fimbo mara moja na matone yote yanavunjika, jani linakauka mapema kwa saa kadhaa. Grini tisa hazichukui muda mrefu, na kazi hiyo ikifanywa kila siku isiyo na sakitu, utaona tofauti ndani ya mwezi mmoja.

Pamoja na hayo, acha kabisa mbolea yenye naitrojeni nyingi kuanzia vuli, kwa sababu inatoa majani laini yanayolika kirahisi. Salfeti ya chuma kwa viwango vidogo inayafanya majani kuwa magumu na uso wa grini kuwa na asidi kidogo, na majaribio ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, ambako majira ya baridi ni ya mvua na uvuguvugu kama ya kwenu, yameonyesha kwamba inapunguza ugonjwa huu. Usizidishe, maana kiwango kikubwa huzifanya nyasi kuwa nyeusi na kuzidhoofisha. Chunguza pia mchanga unaoutumia: wenye chokaa unaharibu kazi yote hiyo.

Kwa muda mrefu, panda Agrostis kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Usikate tamaa ukiona chache zimeshika mwaka wa kwanza, kwa kuwa kubadilisha nyasi za grini ni kazi ya miaka mingi, tena inayofanikiwa pale tu maji, kivuli na kukanyagwa vimekwisha kushughulikiwa.

Habari za kazi. Mimi ni Mkenya ninayefanya kazi katika uwanja wa gofu Minnesota. Hapa theluji si tatizo, tumeizoea. Lakini safari hii ilinyesha mvua katikati ya Februari, theluji ikayeyuka nusu, kisha usiku mmoja kila kitu kikaganda. Sasa grini zina barafu ngumu ya sentimita nne, na leo ni siku ya ishirini na tano. Wengine wanasema tuivunje, wengine wanasema tuiache. (Msomaji wa Minnesota, Marekani)

Kwanza, hesabu siku, na uziandike. Nyasi zilizofunikwa kwa barafu isiyopitisha hewa zinaendelea kupumua polepole, oksijeni inakwisha, na gesi zenye sumu zinajikusanya. Poa annua kwa kawaida huanza kufa kati ya siku 45 na 60, lakini Agrostis stolonifera huweza kuvumilia siku 90 hata 120. Kwa hiyo, kama grini zenu ni za Agrostis, mna nafasi ya kutulia. Kama zina Poa nyingi, siku ya thelathini na tano mnapaswa kuwa mmeshaamua. Majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 yaliua grini nyingi katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika kwa sababu ya barafu ya namna hii.

Sishauri kuivunja kwa nyundo au mashine nzito, kwa maana vitovu vya nyasi vimeshikamana nayo na vitatoka pamoja. Ondoeni theluji iliyo juu, kisha nyunyizeni kitu cheusi, kama mchanga mweusi uliokauka, kwa wepesi tu. Weusi hunasa jua, barafu inatoboka vitundu, na vitundu hivyo peke yake vinatosha kurudisha hewa. Ila muda wa kufanya hivyo mchague kwa utabiri. Kama baridi kali inarudi ndani ya siku mbili, ngojeni, kwa sababu kuna hatari kubwa kuliko barafu yenyewe: mwishoni mwa baridi vitovu vya nyasi hufyonza maji ya kuyeyuka, na vikigandishwa ghafula vikiwa vimejaa maji hupasuka kwa ndani. Kabla hamjaanza, chimbeni mifereji ya kutolea maji katika theluji ya pembezoni, hasa sehemu za bondeni, ili maji yatoke grini na yasibaki kuganda upya.

Na usiishi kwa wasiwasi wakati jibu unaweza kulipata. Kata vipande vitatu vya nyasi kutoka chini ya barafu, viweke katika vikopo kando ya dirisha lenye joto, vinyeshee kidogo, uvitazame kwa wiki mbili. Barafu inapoinuliwa, nusa pia: harufu mbaya kama ya kitu kilichovunda ni dalili kwamba hewa imekwisha muda mrefu. Vipande vikichipua, mnafanya kazi ya kuokoa. Visipochipua, agizeni mbegu sasa, na muwaambie wanachama mapema kwamba ufunguzi utachelewa.

Mimi ni mchezaji, wala si mtunza uwanja. Ninalipa ada ya mwaka mzima, lakini tangu Novemba nalazimishwa kupigia mpira juu ya kijizulia cha plastiki, na siku nyingine napigiwa simu asubuhi kuambiwa uwanja umefungwa. Je, hii ni haki? (Msomaji wa Dundee, Uskoti)

Ndugu yangu, vuka mto Tay uende St Andrews, kwenye uwanja wa zamani unaojulikana duniani kote, uliojengwa juu ya mchanga unaopitisha maji vizuri kuliko udongo wa bara. Hata huko, katika miezi ya baridi wachezaji hupigia mpira juu ya kijizulia wanapokuwa kwenye nyasi fupi za kati, na kila Jumapili uwanja huo kwa kawaida hupumzishwa bila gofu. Pigo moja la chuma linang'oa kipande cha nyasi cha ukubwa wa kiganja. Mwezi wa Juni kipande hicho kinapona ndani ya wiki chache, lakini mwezi wa Desemba kinabaki shimo hadi Aprili au Mei, na wachezaji mia kwa siku wanaacha mashimo elfu kadhaa.

Kuhusu simu za asubuhi, unayo haki ya kudai jambo moja: kwamba uamuzi ufanywe na mtunza uwanja aliyetoka kuikagua ardhi, saa inayojulikana, na sababu yake iandikwe mahali unapoweza kuisoma. Klabu inayofanya hivyo huwa na malalamiko machache. Ukipata nafasi, mwombe mtunza uwanja wako akuruhusu uongozane naye asubuhi moja ya sakitu, ukishika kisu chake, uone kinapoishia.